Nyonga Iliyobanwa Juu ya Pedali

Mwendesha baiskeli anayezungusha pedali mara 80 kwa dakika huikunja kila nyonga mara 4,800 kwa saa. Katika mikunjo yote hiyo hakuna hata mmoja unaofuatwa na kunyooka kikamilifu, kwa sababu mwendeshaji amekaa na mgongo umeinama, na hata pedali ikifika chini kabisa paja bado limekunjika mbele. Goti linapofika juu ndipo kona kati ya paja na kiwiliwili huwa finyu kuliko wakati mwingine wowote. Uponyaji ninaouchambua hapa ulianza kufanikiwa pale sehemu hiyo ndogo ya mzunguko ilipotazamwa kwa makini.

Mwenye nyonga ni mwalimu wa sekondari mjini Arusha, mwanamke aliyevuka miaka arobaini, mfupi wa kimo, anayeendesha mwishoni mwa wiki hadi Usa River na kurudi. Kwenda ni mteremko, kurudi ni kupanda. Maumivu yalianza kinenani upande wa kulia, tena kwa ndani sana. Alipoulizwa yako wapi, hakuonyesha kwa kidole kimoja. Alikumbatia nyonga kwa kiganja, gumba nyuma na vidole mbele. Wataalamu wa viungo wanaijua ishara hiyo, kwani mara nyingi humaanisha kwamba tatizo liko ndani ya kiungo chenyewe. Maumivu ya pembeni, juu ya fupa linalochomoza unapolalia ubavu, kwa kawaida hutoka kwenye kano za misuli ya tako. Ya nyuma mara nyingi hutokana na mgongo wa chini. Tiba ya moja inaweza kulichochea lingine, kwa hiyo anayekimbilia dawa ya kuchua kabla ya kujua ni wapi panapouma anabahatisha.

Daktari alimlaza chali, akalisukuma goti kuelekea kifuani, kisha akalizungusha paja kwa ndani. Maumivu yalijitokeza pale pale. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha nyonga kama mchi ndani ya kinu. Mchi ukilazwa mno, shingo yake hugonga ukingo wa kinu. Ukingo wa nyonga una pete ya gegedu, na ndiyo inayobanwa. Mwaka 2003 Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza kwamba mgongano huu unaweza kuwa chanzo cha kuchakaa kwa nyonga, na tangu hapo madaktari wa mifupa wamebadili namna ya kuzisoma picha za eksirei. Lakini watu wengi wana maumbile hayo hayo ya mfupa na hawaumwi kabisa. Picha peke yake haimhukumu mtu. Lazima ilingane na maumivu anayoyaeleza na kile mkono wa daktari ulichokikuta.

Eksirei ya mwalimu haikuonyesha kuchakaa kwa kutajika. Nalisisitiza hili kwa sababu katika ukanda wetu maumivu ya nyonga yana wageni wengine wanaopaswa kuondolewa kwanza. Mwenye selimundu anaweza kukosa damu ya kutosha kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi sehemu yake ikafa. Aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu yumo katika hatari hiyo hiyo. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye nyonga. Mtu mwenye homa, anayepungua uzito, anayeamshwa na maumivu usiku, au asiyeweza kuukanyagia mguu, anahitaji hospitali kabla ya zoezi lolote.

Ushauri wa kwanza alioupata mtaani ulikuwa kupumzika. Alipumzika, maumivu yakatulia, na mlima wa kwanza wa kurudi kutoka Usa River ukayaamsha. Sioni ajabu. Mapumziko huondoa mzigo kwa muda, ila hayabadilishi kona ambayo goti linakutana nayo juu ya mzunguko, na misuli inayoishikilia nyonga hulegea zaidi kila wiki inayopita bila kazi.

Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, nzuri na nyepesi. Fundi alisoma namba iliyochongwa upande wa ndani wa mkono wa pedali, karibu na tundu la pedali: 175. Akasema, “Mwalimu, hii ilitengenezwa kwa mtu mrefu.” Nadhani hii ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi na waendeshaji wetu wa burudani. Tunapima siti, tunapima fremu, lakini mkono wa pedali tunaupokea jinsi ulivyokuja na meli. Mkono wa milimita 175 unapandisha pedali ya mtu mfupi juu sana, na paja linalazimika kuifuata.

Fundi alimtafutia mikono ya milimita 165. Tofauti ya 10 inaonekana ndogo, lakini tuifuate hesabu yake. Pedali inapokuwa juu, sasa iko chini kwa milimita 10 kuliko awali. Inapokuwa chini, imepanda kwa milimita 10, kwa hiyo siti nayo lazima ipandishwe kwa milimita 10 ili mguu unyooke kama zamani. Ukipima kutoka kwenye siti, goti linapofika juu limepata nafasi ya milimita 20. Ile kanuni maarufu inayohusishwa na Cyrille Guimard na Greg LeMond, ya kuzidisha urefu wa mguu wa ndani kwa 0.883 ili kupata umbali kutoka katikati ya ekseli kuu inayobeba mikono ya pedali hadi juu ya siti, haiuoni urefu wa mkono wa pedali. Mtu mwenye mguu wa sentimita 74 atapewa sentimita 65.3 hata kama mikono yake ni 165 au 175. Ni mahali pazuri pa kuanzia, basi.

Wengi huogopa kwamba mkono mfupi utawaibia nguvu. Hofu hiyo ilijibiwa zamani. Mwaka 2001 Jim Martin na Waneen Spirduso walichapisha jaribio lililotumia mikono ya milimita 120 hadi 220, na nguvu ya juu kabisa ya waendeshaji ilitofautiana kwa takriban asilimia 4 tu kati ya iliyofanya vizuri zaidi na iliyofanya vibaya zaidi. Tadej Pogačar alishinda Tour de France ya 2024 akitumia mikono ya 165. Kinachobadilika ni uzito unaousikia mguuni: kwa gia ile ile, kutoka 175 hadi 165, pedali hudai msukumo mkubwa zaidi kwa asilimia 6 hivi. Kwa hiyo fundi alifunga pia friwili yenye meno mengi zaidi nyuma, na mwalimu akajifunza kuzungusha haraka kwa gia nyepesi. Usukani ulinyanyuliwa kidogo ili mgongo usilale mno. Kila nyuzi ambayo kiwiliwili kinainuka, paja linaipata kama nafasi.

Maumivu yalipungua barabarani, lakini nyumbani yakaendelea. Hapo ndipo mtaalamu wa fiziotherapia alipouliza swali ambalo fundi asingeliuliza: siku nzima unakaa wapi? Mwalimu alikuwa akifua kwenye kigoda, akisahihisha madaftari kwenye kochi lililozama, na choo cha nyumbani kwake ni cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa huikunja nyonga kupita baiskeli yoyote. Ikabidi kigoda kipishe kiti kirefu na beseni lipande juu ya meza. Chooni aliweka kiti cha plastiki chenye tundu kwa kipindi kile cha uchungu. Mazoezi ya kuvuta goti kifuani, ambayo alikuwa akiyafanya kwa bidii kila asubuhi akidhani ananyoosha msuli uliokaza, yalisimamishwa mara moja. Alikuwa akiubana ukingo ule ule, safari hii kwa mikono yake mwenyewe. Laiti waendeshaji wote wenye maumivu ya kinena wangelisikia hili moja.

Kisha ikaja kazi. Kwanza mazoezi ya kushikilia bila kusogea: kulala chali, kuinua kiuno, kubaki hapo kwa nusu dakika. Baadaye kutembea kwa ubavu akiwa amefungwa tyubu ya zamani ya baiskeli juu ya magoti, kupanda ngazi moja kwa mguu mmoja polepole, kusimama na kukaa kwenye kiti kirefu huku akishika ndoo ya maji ambayo ilijazwa zaidi kadiri alivyoimarika. Kipimo kilikuwa rahisi: maumivu yasizidi 3 kati ya 10, na asubuhi inayofuata yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, mzigo unapungua, ila kazi haikomi.

Ushahidi wa njia hii una nguvu zaidi kwa maumivu ya pembeni. Jaribio la Australia lililochapishwa na BMJ mwaka 2018 liliwagawa watu 204 wenye tatizo la kano za tako. Baada ya wiki 8, asilimia 77 ya walioelimishwa na kufanyishwa mazoezi walisema wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 58 ya waliochomwa sindano ya steroidi na asilimia 29 ya waliosubiri tu. Kwa nyonga inayobanwa kama ya mwalimu picha ni tofauti kidogo. Jaribio la Uingereza la watu 348, katika Lancet ya mwaka huo huo, lilikuta kwamba baada ya miezi 12 upasuaji wa tundu dogo na fiziotherapia vyote vilileta nafuu, na upasuaji ulizidi. Namuunga mkono mwalimu kwa kuanza na mazoezi hata hivyo. Mazoezi yakishindwa, mlango wa upasuaji ungali wazi, na mtu ataingia akiwa na misuli imara.

Alirudi barabarani kwa njia tambarare kwanza, kisha kwa vipande vifupi vya mlima akiwa ameketi. Umbali uliongezwa wiki ambazo mlima haukuongezwa, na mlima uliongezwa wiki ambazo umbali ulibaki ule ule, ili maumivu yakija ajue yameletwa na nini. Sasa anapanda kutoka Usa River bila kusimama njiani. Kushika usukani chini na kuinama kabisa bado kunamchoma baada ya muda, kwa hiyo hashiki huko, na fundi amekwisha agizwa mikono ya milimita 160.