Kipande Kisichokatika: Mgodi Ulivyopandishwa kutoka Mombasa hadi Doko

Vitu vingi vinavyofika Gety, Ituri, hufika vimefungwa nyuma ya pikipiki. Mabati, jenereta, injini ya kinu cha mihogo: vyote huondoka Bunia, hupita Bogoro, hushika njia ya kusini juu ya nyanda zinazotazama Ziwa Albert. Kisichobebeka kizima hufunguliwa boliti. Gurudumu la kinu husafiri Jumatatu, mwili wake Jumanne, na fundi huviunganisha chini ya mwembe. Anayefanya kazi hiyo hajioni kuwa mtaalamu wa usafirishaji, lakini swali analojiuliza kabla ya kufunga kamba ndilo wahandisi wa migodi mikubwa hulipia pesa nyingi kujibiwa: ni kipande gani hakikatiki?

Jibu kubwa zaidi kuwahi kutolewa pembe hii ya Kongo liko Doko, karibu na Durba, jimbo la Haut-Uélé. Huko ndiko uliko mgodi wa dhahabu wa Kibali, ambao kampuni ya Randgold Resources ilianza kuushughulikia mwaka 2009 kwa kuinunua Moto Goldmines, ikishirikiana na AngloGold Ashanti na shirika la serikali SOKIMO. Dhahabu ya kwanza ilimiminwa Septemba 2013. Doko iko umbali wa kilomita 1,800 hivi kwa barabara kutoka bandari ya Mombasa. Vinu vya kusagia mwamba, mitambo ya umeme wa maji ya Nzoro, mashine za kuchimba shimo la wima lenye kina cha karibu mita 750: hakuna hata kimoja kinachotengenezwa Ituri wala Uganda. Vilipaswa kutoka baharini, vikavuka nchi tatu.

Watu hudhani kazi ya namna hii ni suala la kupata lori lenye nguvu. Lori ndilo jambo jepesi. Kazi huanza mezani, miezi mingi kabla meli haijatia nanga, kwa kuchukua michoro ya mashine na kuuliza kila sehemu: hii inaweza kugawanywa, na ikigawanywa, je, fundi wa huko mwisho ataweza kuiunga upya bila kuiharibu?

Chukua tipa la mgodini la aina ya Caterpillar 777. Hubeba tani 90 hivi za mwamba, na upana wake unazidi mita 6. Barabara ya kawaida ya njia mbili ina lami ya mita 7. Tipa hilo haliendeshwi kutoka bandarini. Huvuliwa matairi, bodi lake hukatwa vipande, fremu na injini hupanda trela peke yake, na kwenye kambi mafundi wa kulehemu hufanya kazi ya siku kadhaa kulirudisha lilivyokuwa. Bodi la tipa ni chuma kinene tu, linavumilia kukatwa. Transfoma kubwa ya umeme haivumilii hivyo. Unaweza kuimwaga mafuta ili ipungue uzito, ukaondoa mapezi ya kupozea na vichwa vya nyaya, lakini kiini chake na tangi lake husafiri pamoja. Ganda la kinu cha mgodi liko katikati: hutengenezwa kwa vipande vya kufungwa kwa boliti, ila kila kiungo kinachoongezwa ni mahali pa kulegea baadaye, na mhandisi wa mitambo atapigana na mhandisi wa usafiri hadi jioni kuhusu idadi ya vipande. Wanaposhindana hivyo, aliye na haki ni kalvati. Nitalirudia hilo.

Wazo lenyewe si geni katika ukanda wetu. Meli iitwayo William Mackinnon, iliyozinduliwa Kisumu mwaka 1900, ilipanda kutoka pwani ikiwa vipande, na sehemu ya mzigo huo ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi, ambao mzigo wao wa kawaida ulikuwa kilo 30 hivi. Kipimo cha usanifu siku hizo kilikuwa shingo ya mtu. Leo ni ekseli.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Kinachozidi hapo na hakiwezi kugawanywa huombewa kibali maalumu, husindikizwa, na husafiri mchana. Ukomo huo una hesabu nyuma yake. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli yenye uzito maradufu haileti madhara maradufu. Huleta mara 16. Kwa hiyo dawa ya mzigo mzito ni kuongeza magurudumu.

Tufanye hesabu. Kipande cha tani 120 kikikalia trela la haidroliki lenye mistari 12 ya ekseli, kila mstari ukiwa na uzito wake wa tani 4, jumla ni tani 168. Gawa kwa 12: tani 14 kwa mstari. Inaonekana kubwa, lakini mstari mmoja una matairi manane, yaani chini ya tani 2 kwa tairi, wakati ekseli halali ya lori la kawaida inabana tani 2.5 kwa tairi. Lile dude linalowatoa watu madukani kulishangaa linaitendea lami upole kuliko lori la saruji lililo nyuma yake.

Upole huo hautokei wenyewe. Barabara ina mashimo, na gurudumu likitumbukia shimoni mzigo wake huhamia kwa majirani. Ndiyo maana kila mstari una mitungi ya mafuta inayopanda na kushuka, na mitungi yote imeunganishwa kwa mabomba katika makundi matatu. Ndani ya kundi mafuta hutiririka kutoka mtungi hadi mtungi mpaka shinikizo lilingane. Matokeo yake, trela lenye magurudumu karibu mia linasimama juu ya nukta tatu tu, kama sufuria juu ya mafiga. Mafiga matatu hayayumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Ukiweka la nne, moja litabaki hewani. Mhandisi aliyebuni mtambo huo na bibi anayepika nje huko Gety wamefikia jibu moja.

Sasa kalvati. Trela la mistari 12 lina urefu wa mita 18 hivi. Linapopita juu ya kalvati la upana wa mita 2, kalvati huona mstari mmoja au miwili kwa wakati, tani 28 kwa wingi, na ikiwa limejengwa vizuri litavumilia. Daraja la mita 30 ni habari nyingine: lenyewe hubeba tani zote 168 kwa mara moja, mara tatu ya lori zito halali. Barabara huumizwa na ekseli, daraja huumizwa na jumla. Msafirishaji asiyetofautisha mambo haya mawili ataongeza magurudumu na kujiona salama, kisha ashuke mtoni. Darajani taratibu ni zilezile popote duniani: magari mengine yote husimamishwa, mzigo hupita katikati kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, bila kukanyaga breki, kwa sababu breki ya ghafla ni nyundo.

Njia ya Kibali ina madaraja ya kutosha kumnyima mtu usingizi. Jinja, wakati ule, magari yalivuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls. Daraja jipya lilifunguliwa Oktoba 2018 tu, mgodi ukiwa umekwisha kujengwa. Karuma, daraja la mwaka 1963, liko chini ya mteremko wenye kona. Baadaye kidogo kuna Pakwach. Jinsi Karuma ilivyo muhimu tulikumbushwa mwaka 2024, lilipofungwa kwa matengenezo na malori ya kaskazini kulazimika kuzunguka mbali.

Kabla ya hapo kuna mlima. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Mzigo na trela vya tani 168, pamoja na kichwa kinachovuta, ni kama tani 200. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, mvutano wa dunia peke yake unadai tani 12 za nguvu, na msuguano wa matairi huongeza tani kadhaa. Injini si kikwazo. Kikwazo ni mshiko. Kichwa chenye tani 20 juu ya ekseli za kuvuta, kwenye lami kavu, hushika kwa tani 14 hivi kabla matairi hayajateleza. Ndiyo maana utaona vichwa viwili, kimoja mbele kikivuta na kingine nyuma kikisukuma, na ndiyo maana vichwa hivyo huwekewa vyuma mgongoni ili viwe vizito zaidi. Udongo mwekundu ukilowa, mshiko hushuka hadi chini ya nusu. Kilichopanda Timboroa kinaweza kukwama kwenye kilima cha kitoto Ituri.

Mpakani Vurra na Aru kuna makaratasi, ambayo sitayasimulia, kila mfanyabiashara wa Bunia anayajua. Kuna pia jambo la kuchekesha: Kenya na Uganda hupita kushoto, Kongo hupita kulia. Dereva wa lori la kawaida huhama upande. Dereva wa mzigo mpana haoni tofauti, kwani tangu Mombasa amekuwa akipita katikati.

Toka Aru hadi Doko ni kilomita 180 hivi, na hapo ndipo mradi uliposhinda. Randgold iliifanyia ukarabati barabara yote kabla ya ujenzi mkuu. Wengi waliliona hilo kama msaada kwa jamii, na kweli jamii ilifaidika. Mimi naliona kwanza kama kipuri cha mashine. Mgodi uliagiza kinu, na barabara ilikuwa sehemu ya kinu hicho iliyobidi itengenezwe papo hapo. Asilimia 10 ya njia iliamua ukubwa wa kila kitu kilichopita asilimia 90 nyingine. Na kalenda ilikuwa ya mvua: huku kaskazini-mashariki kiangazi ni Desemba hadi Februari hivi, na kipande kizito kikikosa dirisha hilo huenda kikakaa Mombasa kikilipiwa ghala.

Mongbwalu, karibu zaidi na Bunia, haikupata bahati hiyo. Mradi wa AngloGold Ashanti huko ulisimamishwa mwaka huohuo wa 2013. Bei ya dhahabu ilikuwa imeanguka, na sitadai kwamba barabara ndiyo iliyouua. Lakini bei ikishuka, mradi wa kwanza kufutwa ni ule ambao bado unadaiwa barabara yake.

Kwa hiyo mtu akija Gety na ramani ya madini, akisema mashine kubwa zinakuja, nisingemuuliza zitatoka bandari gani. Ningemwomba tupande pikipiki mbili hadi Bogoro na kurudi, tukisimama kwenye kila kalvati. Ningechukua futi ya kupimia, fimbo ya kujua kina cha tope, na daftari. Ningetaka kuona kona ambayo trela la mita 18 pamoja na vichwa vyake halitageuka bila kukata kilima, na waya wa simu ulio chini kiasi cha kuinuliwa kwa mti. Hesabu ya mchana huo mmoja ingetuambia ukubwa wa kinu vizuri kuliko ripoti yoyote ya wanajiolojia.

Wakati wa kurudi, trela la haidroliki hufunguliwa pini, vipande vyake hupangwa kimoja juu ya kingine mgongoni mwa matrela ya kawaida, na tani 48 za magurudumu matupu hupita juu ya kalvati lilelile zikikimbia.