Cheche, Uwashaji na Kikatizi: Uhakiki wa Istilahi za Umeme wa Lori

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa kazi inayoifanya mikononi mwa mtumiaji. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki fungu moja dogo la maneno, nalo ni hili: "kuboresha uwashaji wa lori kuwa wa kielektroniki." Hivyo ndivyo mfasiri mwenye kamusi na haraka atakavyoiita kazi ya kuondoa pointi katika distribyuta ya lori la zamani la petroli na kuweka mahali pake kifaa cha elektroniki. Sarufi ya maneno hayo haina dosari. Walakini, kila neno kuu katika fungu hilo lina kasoro, na kasoro hizo zaweza kumgharimu fundi kifaa chake.

Tumfikirie fundi aliyeko Kabwe, bandari iliyo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Nkasi. Kifaa anachokihitaji hakiko kandokando ya ziwa. Hana budi kukiagiza kutoka Sumbawanga au Mbeya, na kikifika huja na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Ama ataagiza kwa neno, ama atafunga kwa neno. Neno likiwa na maana tatu, ataletewa kisichotakiwa, au atafunga kisivyotakiwa, na duka liko mbali, juu ya uwanda wa Ufipa.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, maana istilahi isiyotanguliwa na ufahamu wa kitu ni kubahatisha. Umeme wa betri hupita katika msokoto wa kwanza wa koili, kisha katika pointi, ukaishia kwenye bodi ya gari. Pointi ni vipande viwili vya chuma. Kimoja kimetulia, kingine husukumwa na mhimili wa distribyuta unapozunguka. Vinapogusana, mkondo hupita na koili hujaa nguvu ya sumaku. Vinapoachana, mkondo hukatika ghafula, nguvu ya sumaku huanguka, na katika msokoto wa pili huzuka umeme wa maelfu ya volti ambao huruka kwenye plagi kuwa cheche. Utaratibu huu, uliobuniwa na Charles Kettering wa Marekani, ulitumika katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, ukaendelea kutawala kwa miongo mingi. Mwaka 1973 Chrysler iliufanya mfumo wa elektroniki kuwa wa kawaida katika magari yake ya Marekani. Kilichobadilika kimsingi ni kimoja: kazi ya kukata mkondo ilitoka kwenye vipande vya chuma ikapewa transista. Koili, nyaya na plagi ziliendelea na kazi zake.

Sasa tulitazame neno "uwashaji." Kila mwenye kusema Kiswahili anajua maana ya kuwasha gari: ni kuzungusha ufunguo mpaka injini ingurume. Lori la dizeli nalo huwashwa, ingawa dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa wala haihitaji cheche. Bedford la aina ya TJ, lililoanza kuundwa mwaka 1958, liliuzwa kwa injini ya petroli na pia kwa injini ya dizeli. Basi malori mawili ya sura moja yote yana "uwashaji," lakini moja tu ndilo lenye pointi. Fundi akiambiwa kwamba uwashaji una hitilafu, ataanza kukagua betri, swichi na stata, navyo huenda vyote ni vizima. Neno hilo linabeba tendo la dereva, kazi ya stata na kazi ya plagi kwa pamoja. Sisi twaona kwamba kuwasha kuachiwe dereva, na njia yote ianziayo kwenye koili hadi kwenye plagi iitwe "mfumo wa cheche." Neno cheche halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote.

Neno "kielektroniki" nalo ni la kweli, lakini halitoshi. Linasema kuna jambo jipya, bila kusema ni kiungo gani kilichobadilishwa. "Pointi" kwa upande wake ni neno lililokwisha kuajiriwa na mpira wa miguu na mitihani. Wafaransa waliviita vipande hivyo skrubu za platini, na jina likabaki hata pale vilipotengenezwa kwa tungsteni. Hapa ndipo ulipo mzizi wa hoja yetu: jina lililochukuliwa katika umbo la kitu, au katika chuma chake, huachwa nyuma mara kitu kinapobadilika.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa jambo hili. "Gari la moshi" lilikuwa jina zuri wakati garimoshi lilipokuwa na moshi. Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, hakuna aliyeweza kuiita gari la moshi la umeme bila kujichekesha. Kinyume chake ni neno "meli," lililotokana na neno la Kiingereza la barua na vifurushi vya posta. Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ilikuwa ya mvuke. Katika miaka ya 1970 ikafungwa injini za dizeli, na wakazi wa kando ya ziwa hawakulazimika kubadili neno. Meli ni neno la kukopa ambalo maana yake ya asili haisikiki tena, kwa hiyo halimpingi mtu. Gari la moshi ni maneno yetu wenyewe. Yanaendelea kusema, na yakisema uongo tunausikia.

Kutokana na mifano hiyo twapata kanuni mbili. Maneno ya kukopa yaliyokwisha kukaa katika gereji, kama vile koili, plagi na distribyuta, yaachwe yalivyo. Lakini pale tunapounda neno kutokana na mizizi yetu, tuliunde kutokana na kazi ya kitu. Kazi ya pointi ni kukatiza mkondo, na kazi ya kifaa kipya ni hiyo hiyo. Tunapendekeza neno "kikatizi." Kutakuwa na kikatizi cha pointi na kikatizi cha elektroniki, na jina lenyewe litamwonyesha mnunuzi kwamba kimoja huchukua nafasi ya kingine.

Kuna maneno mengine mawili yasiyokubali uzembe. La kwanza ni "ethi," linalotumika gerejini kwa waya uendao kwenye bodi. Land Rover za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi. Nyingi za baadaye zilifungwa upande hasi. Pointi hazijali tofauti hiyo, lakini transista hujali: kikatizi cha elektroniki kikiunganishwa kinyume huungua. Basi haitoshi kuandika "unganisha na ethi", iandikwe "ethi hasi" au "ethi chanya." La pili ni "ukinzani." Koili mbili zaweza kufanana kwa sura, moja ikiwa na ukinzani wa omu 3 na nyingine omu 1.5. Ya pili hupitisha mkondo mkubwa zaidi, na kikatizi kisichoundwa kwa mkondo huo hakitadumu. Neno ukinzani limo katika fizikia yetu. Linastahili kuandikwa pia kwenye boksi la koili.

Mwisho ni "kuboresha." Hili si jina la kazi, ni hukumu. Ni kweli kwamba kikatizi cha elektroniki hakina kidole cha kusuguliwa na mhimili, ambacho kikiliwa nafasi ya pointi hupungua na cheche huchelewa. Lakini pointi zilizochafuka zaweza kusafishwa kwa msasa kando ya njia, hali transista iliyoungua haina msasa. Katika mteremko wa kutoka Namanyere kwenda ziwani, dereva ndiye mwenye haki ya kuamua kipi ni bora, na mwenye busara atabeba pointi zake za zamani ndani ya boksi. Istilahi isimwamulie. Iandikwe "kubadili kikatizi."

Basi fungu letu lisomeke hivi: "kubadili kikatizi cha pointi kuwa cha elektroniki katika mfumo wa cheche." Ni refu kuliko lile la kwanza kwa maneno machache, lakini linataja kinachotoka, kinachoingia, na mahali pake. Twaomba mafundi walijaribu katika kazi zao kabla wataalamu wa lugha hawajalipitisha, na watuandikie iwapo limewapotosha.