Nani Aliyesalitiwa? Uhakiki wa Shajara ya Mbunge Joe Khamisi

Shajara ni utanzu ambao thamani yake hutokana na jambo moja: anayeandika leo hajui kesho italeta nini. Tawasifu, kwa upande wake, huandikwa na mtu aliyekwisha kuuona mwisho, naye huyapanga yaliyopita yapate kuuelekea mwisho huo. Tofauti hii ndiyo kipimo kinachokifaa kitabu cha Joe Khamisi, The Politics of Betrayal: Diary of a Kenyan Legislator, kilichochapishwa mwaka 2011. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Siasa za Usaliti: Shajara ya Mbunge wa Kenya.

Mtunzi si mgeni katika kazi ya maneno. Alikuwa mwandishi wa habari, kisha akashika madaraka katika chombo cha habari cha Serikali, hata akawa mkuu wa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Kuanzia uchaguzi wa 2002 hadi 2007 alikuwa mbunge wa Bahari, katika Mkoa wa Pwani. Mtu wa namna hii ameijua habari kwa pande zote mbili, kuitafuta na kuichuja. Ndiyo maana msomaji hukifungua kitabu chake akitumaini kuyapata yale ambayo taarifa rasmi ya jioni haikuyatangaza.

Kiini cha maudhui ni Mkataba wa Maelewano wa Oktoba 2002 baina ya NAK na LDP, vyama vilivyoungana kuwa NARC na kuishinda KANU tarehe 27 Desemba mwaka huo. LDP ililalamika kwamba ugawaji wa madaraka ulioahidiwa haukutekelezwa. Mzozo huo ulikua hadi kura ya maoni ya Novemba 2005, ambapo rasimu ya katiba iliyoungwa mkono na Rais Kibaki ilikataliwa. Khamisi alikuwa upande wa LDP, na ni kutoka kiti hicho anapoyatazama mambo.

Lakini kitabu hiki kikisomwa Kitale au Bungoma, sura ya mambo hubadilika. Michael Kijana Wamalwa, mzaliwa wa Kimilili na mbunge wa Saboti, alikuwa mmoja wa viongozi watatu wa NAK, pamoja na Mwai Kibaki na Charity Ngilu. Chama chake, Ford-Kenya, kilikuwa upande ule ule unaoshtakiwa kwa usaliti. Januari 2003 akawa Makamu wa Rais. Agosti 23 mwaka huo huo akafariki London, akazikwa Kitale. Mwezi uliofuata kiti chake alipewa Moody Awori, mbunge wa Funyula aliyeingia NARC kupitia LDP. Basi yule anayeitwa msaliti katika hesabu ya Pwani, katika hesabu ya Bungoma ni mfiwa ambaye kiti cha marehemu wake kilikwenda kwa chama cha mlalamikaji. Hesabu zote mbili zina haki ya kusikilizwa.

Hapa ndipo kasoro ya fani inapozaa kasoro ya maudhui. Neno «usaliti» liko juu ya jalada: hukumu imetangulia ushahidi. Shajara halisi ya Januari 2003 isingeweza kuitwa hivyo, kwa sababu wakati huo wengi wa wana-NARC walikuwa bado wanashangilia. Gakaara wa Wanjau, ambaye shajara yake ya kizuizini ilichapishwa kwa Kigikuyu mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984, aliandika bila kujua siku ya kufunguliwa kwake. Kutojua huko ndiko kunakomfanya msomaji amwamini. Khamisi anayajua yote, na kwa hiyo matumaini ya 2002 hayapati nafasi ya kuwa matumaini tu.

Hata hivyo, kazi hii isibezwe. Mtu aliyewahi kuisemea Serikali alitoka hadharani akawasema wenzake wa Bungeni akiwa hai, na wengi wao wakiwa hai wakati huo, wapate kumjibu. Huo ni ujasiri. Kinachotakiwa ni kukisoma kitabu kama ushahidi wa shahidi mmoja, si kama hukumu ya kesi. Na waliokuwa upande wa pili, huko Kitale na Bungoma, kama wanazo daftari zao za siku zile, wazitoe. Kesi yenye shahidi mmoja haiishi, hulala tu.