Ukungu Nyuma ya Uso

Mpiga picha wa arusi, awe Korogwe au Handeni, aghalabu hutaka uso uwe wazi na vyote vilivyo nyuma yake viyeyuke. Sifa ya kuyeyuka huko Wajapani waliiita boke, na neno hilo likaenea katika Kiingereza tangu mwaka 1997 kwa makala za Photo Techniques, gazeti la Marekani. Kwa Kiswahili ukungu latosha: ukungu wa Usambara asubuhi huficha mlima bila kuukata.

Wengi huupima ukungu kwa wingi, kana kwamba ni unga. Wingi ni rahisi. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi 1.8, mtu akisimama mita 2 mbele ya kamera ya milimita 36, hugeuza nukta ya mwanga iliyo mbali kuwa duara yenye upana wa kama sehemu moja ya hamsini ya picha. Ubora ni jambo jingine. Duara inayofifia ukingoni huungana na jirani yake kwa upole. Yenye ukingo mkali huwa pete, na mstari mwembamba hugeuka miwili.

Hapo ndipo shamba la mkonge linapoiumbua lenzi. Jani lake ni refu, jembamba, lina mwiba nchani, na jua huling'arisha. Safu moja huwa mbili, na nyuma ya bibi arusi huzuka vurugu ya mapanga. Vijiti vikavu vya Handeni wakati wa kiangazi hufanya vivyo hivyo. (Wauza lenzi hupenda kuonyesha taa za mji usiku, pasipo mwiba hata mmoja.) Simu nayo hukisia umbali na kupaka ukungu kwa hesabu, mara ikala ncha ya kilemba.

Walakini hata lenzi njema yaweza kudhulumu. Mkonge, ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ndio uliolifanya jina la Korogwe livume. Mkata mkonge ambaye nyuma yake pana kijani kitupu angeweza kuwa popote, na mjukuu wake hatajua babu alisimama wapi. Tundu la lenzi likifungwa hadi 5.6, duara hushuka chini ya thuluthi ya ile ya kwanza: safu hubaki safu, laini, zisishindane na uso, na mgongo wa mlima watambulika.