Pongezi kwa Waweka Alama wa Msitu Mweusi

Watu huenda Baden-Baden, Ujerumani, kwa ajili ya maji. Yanabubujika kutoka ardhini kwa joto linalofikia nyuzi 68, Warumi waliyaoga, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia pamoja na miji mingine 10 ya maji ya tiba barani Ulaya. Hayo yanajulikana. Mimi nawapongeza watu ambao hakuna anayewatafuta: wanachama wa Schwarzwaldverein, chama cha watembeaji kilichoanzishwa mwaka 1864, wanaojitolea kuweka alama kwenye njia za Msitu Mweusi, ulio kando ya mji huo.

Alama yenyewe ni kitu kidogo tu. Umbo la almasi, la manjano kwa njia za karibu, la buluu kwa safari ndefu zaidi, limewekwa kwenye mti au nguzo pale hasa mguu unapoanza kusita. Njia hizo zinapanda hadi Hohenbaden, ngome waliyokaa watawala wa Baden hadi 1479, na ambayo iliungua mwaka 1599. Katika ukumbi wake usio na paa kuna kinubi kikubwa chenye nyuzi 120, na mpigaji wake ni upepo. Juu ya ngome hiyo yapo majabali ya Battert.

Mgeni asiyejua Kijerumani hata neno moja anafika huko bila kumuuliza mtu. Kuna aliyetangulia, akafyeka tawi lililoziba alama, akaifuta uchafu, akarudi zake nyumbani. Asanteni sana, na mikono yenu isichoke.