Chembe Moja, Maana Mbili: Uhakiki wa Istilahi za Tiba ya Saratani

Neno likibebeshwa maana nyingi mno huacha kufaa kazi. Ndivyo ilivyo kwa neno "chembe" katika maelezo ya tiba ya saratani itumiayo mata iliyopimwa kwa nanomita. Makala haya yanalihakiki neno hilo, pamoja na "vifaa" na "kupona", kwa kuwa mgonjwa wa Kilosa au Mikumi atakayesomewa maelezo hayo hana kamusi mkononi. Ataamua kukubali au kukataa tiba kwa yale ayasikiayo.

Kwanza kipimo chenyewe. Reli ya zamani ipitayo Kilosa, pamoja na tawi lake lililojengwa kupitia Mikumi hadi Kidatu, ina upana wa mita 1 baina ya vyuma vyake viwili. Nafasi hiyo ikigawanywa mafungu 1,000,000,000 yaliyo sawa, fungu moja ndilo nanomita. Mata ya kipimo hiki imekwisha kuingia hospitalini. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, yaani doksorubisini iliyofungwa katika vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi, kwa ajili ya saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI. Vifuko hivyo hupunguza madhara ya dawa hiyo kwa moyo. Mwaka 2005 ikafuata Abraxane, kwa saratani ya matiti.

Sasa tuchukue sentensi ya aina ambayo mfasiri mwenye haraka huiandika: "Chembe hizi huingia mwilini, zikatafuta chembe za ugonjwa na kuzishambulia." Chembe zipi ni dawa, na zipi ni maradhi? Nyumbani chembe ni punje, na kwa mwindaji ni ncha ya mshale. Katika somo la fizikia ni kipande kidogo cha mata, na katika biolojia wako waiitao seli "chembehai". Mtu aliyeelezwa kwamba ugonjwa wake umetokana na chembe zilizoasi, kisha akaambiwa kwamba ataingiziwa chembe nyingine kwa sindano, hawezi kulaumiwa akiondoka. Kosa ni la mfasiri.

Twapendekeza kwa hiyo kwamba kilicho hai kiitwe "seli" daima, na "chembe" ibaki kwa kisicho na uhai. Wako watakaosema kwamba seli ni neno la kigeni. Hata "saratani" ilitoka katika Kiarabu, ikiwa na maana ya kaa, na leo Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, yaitwa kwa jina hilo wala hakuna ashangaaye.

Neno "nano" lina taabu yake. Sikio lililozoea nne, tano na nane hulipokea kama hesabu, na "chembe nano" yaweza kusikika "chembe nane". Kiunganishi kidogo chatosha kuondoa hatari hiyo: "chembe za nano", "mata ya nano". Kiambishi kitangulie katika vipimo tu, kama nanomita, kwa mfano wa milimita na kilomita zilizokwisha kuzoeleka.

Istilahi "vifaa vya nano" haifai kabisa. Kifaa ni chombo cha kazi, na mgonjwa atadhani kwamba mashine itaachwa tumboni mwake. "Nyenzo" na "maunzi" nazo zina kazi zao, ya kwanza katika fizikia, ya pili katika kompyuta. "Mata" imekwisha kufundishwa shuleni, basi tuitumie.

La mwisho ndilo zito. Watafiti wanajaribu mata ya nano ambayo, ikiwekwa mahali palipoondolewa uvimbe, iue seli za saratani zilizosalia na papo hapo isaidie nyama kuota upya. Kazi hii kwa sehemu kubwa ingali katika maabara. Mfasiri akiandika kwamba mata hiyo "humponya mgonjwa baada ya kupasuliwa", amechanganya mambo mawili. Kidonda chaweza kufunga vizuri ilhali saratani imebaki. Mgonjwa aliyepasuliwa Dar es Salaam, akarudi Kilosa, akakiona kidonda chake kimekauka, ataacha kurudi kuchunguzwa endapo karatasi imemwambia kwamba amepona. Tuseme basi "kidonda kufunga" kwa jeraha, na "kupona" tuliache mpaka mganga alitamke mwenyewe.

Twawaomba wafasiri na walimu wazijaribu istilahi hizi kwa kuzisoma kwa sauti mbele ya mtu asiye mtaalamu, kisha wamwombe aeleze alivyoelewa. Akichanganya dawa na ugonjwa, tafsiri irudi mezani kabla haijapigwa chapa.