Bomba: Neno la Kireno Kwenye Kisima cha Mswahili

Neno la Kilatini puteus ndilo lililozaa majina ya kisima katika lugha kadhaa za Ulaya: poço kwa Wareno, pozo kwa Wahispania, pozzo kwa Waitaliani, puits kwa Wafaransa. Wareno walifika katika pwani yetu mwaka 1498, wakaondoshwa Mombasa kwa mara ya mwisho mwaka 1729, na katika muda huo Kiswahili kilichukua kwao meza, bendera na mvinyo. Poço hakikulichukua. Wenyeji wa Gede na Kilwa walikuwa wamekwisha kuchimba visima na kuvijengea kwa mawe kabla Mreno hajatia nanga; na neno kisima ni la Kibantu, kwani hata Wakikuyu, walio mbali na pwani, husema gĩthima. Kitu kilikuwapo na jina lake lilikuwapo. Kilichokuwa kigeni ni chombo cha kuvutia maji, nacho kikaja na jina lake: bomba.

Kwa Kireno bomba ni mashine ya kuvuta au kusukuma maji. (Ni bomu vilevile, lakini maana hiyo haituhusu hapa.) Katika Kiswahili neno hili halikutulia. Kutoka kwenye mashine lilihamia kwenye mwanzi unaopitisha maji, kisha kwenye tundu la mwisho yanapotokea, hata tukasema maji ya bomba. Likaenea hadi bomba la moshi na bomba la sindano. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linapita Iringa na Mbeya, na hakuna mwenyeji anayedhani kwamba linaloitwa bomba hapo ni mashine. Kwa mashine tulikopa upya, safari hii kwa Waingereza: pampu.

Ilula, katika wilaya ya Kilolo, kando ya barabara kuu ya Morogoro na Iringa, maana hizi zinaishi pamoja. Mkulima wa nyanya akisema bomba shambani, anakusudia chombo cha kunyunyizia dawa anachobeba mgongoni. Yaani, bila kujua, ameihifadhi maana ya Mreno. Akirudi nyumbani, bomba ni mahali pa kuchota maji. Mazingira humfafanulia, wala hatuna ugomvi naye.

Ugomvi wetu ni na waandishi wa ofisini na wafasiri. Tuchukue sentensi ya aina hii: “Kijiji kitapata bomba.” Je, ni mwanzi wa kuleta maji kutoka kwenye chanzo cha mlimani, ni mahali pa kuchotea, au ni kisima chenye pampu ya mkono? Pampu ya mkono huhitaji vipuri na fundi. Mwanzi huhitaji chanzo kisichokauka. Mpango wa maji vijijini wa mwaka 1971 ulikusudia kila mwananchi apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake ifikapo mwaka 1991. Ahadi kama hiyo haiwezi kupimwa ikiwa kilichoahidiwa hakijulikani.

La hatari zaidi ni karatasi za dawa za mimea: “vijiko viwili kwa bomba.” Yapo mabomba ya lita 15, ya lita 16 na ya lita 20. Kipimo kilichokusudiwa lita 20 kikitiwa katika lita 15, ukali wa dawa umezidi kwa theluthi moja. Mfasiri aliyeliacha neno hilo bila lita ameiacha kazi yake katikati.

Huenda mtu akasema bomba lirudishwe kwenye maana yake ya asili. Hatukubaliani naye. Asili ya neno huonyesha lilikotoka tu, na watumiaji wamekwisha kulipeleka kwingine. Tungependelea mashine iitwe pampu, mwanzi uitwe bomba, na kisima chenye mashine kiitwe kisima cha pampu, ya mkono au ya umeme. Bomba la dawa libaki kwa mkulima, ila liandikwe pamoja na lita zake. Kwa tundu la kufungulia maji lipo bilula (lisilo na udugu wowote na Ilula), ingawa tunakiri kwamba wengi wa watumiaji husema koki. Iwapo bilula haitakubalika, basi koki na iandikwe.